Mgonjwa Asiondoke Karibu na Simu

Siku ya tatu baada ya maziko, saa kumi kasoro robo alasiri, mshonaji alikuwa akitia vifungo kwenye shati la ishirini na tatu. Yalikuwa mashati arobaini, sare za shule moja iliyokuwa ng'ambo ya reli, na mwalimu mkuu alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuyaulizia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama yake akaingia, akavua viatu, akavipanga ukutani kama alivyozoea, akaketi kwenye kiti chake kando ya simu.

"Kuna aliyepiga?" akauliza.

"Mwalimu mkuu tu."

"Ukamwambia nini?"

"Kesho kutwa."

"Mwambie kesho. Mtu wa shule ukimwambia kesho kutwa anasikia mwezi ujao," akasema marehemu, akauweka sawa mkono wa simu, maana binti yake alikuwa na tabia ya kuuweka kombo.

Mshonaji akakata uzi kwa meno. Alikuwa amelia siku tatu mfululizo hadi macho yakavimba, na kumwona mama yake ameketi pale kulimfurahisha sana. Hakuuliza swali. Marehemu wa mji ule hawakuwa watu wa kurudi ovyo. Aliyerudi alirudi kwa kazi, na kazi ya mama yake ilijulikana mtaa mzima.

Walimwita Mama Bodi. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa opereta kwenye kituo cha simu, mbele ya ubao wenye matundu na nyaya ambao wenyewe waliuita bodi. Alipoanza, mji wote ulikuwa na simu arobaini na hakuna aliyejua namba ya mwenzake. Ulinyanyua simu ukasema, "Nipe daktari," au, "Nipe yule wa mbao mwenye kigugumizi," naye akakupa. Mji ukakua, zikaja namba. Namba zilipokuwa nyingi, kampuni ikaupa mji namba ya mbele, sifuri tatu, ili watu wa miji mingine wajue wanapiga wapi. Kila mwenye simu alikuwa Tatu, tajiri na fukara, na hakuna aliyeringa kwa hilo, kama mtu asivyoringa kwa kuwa na pua.

Kisha namba zikaisha. Ziliisha siku ya Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, kama sukari inavyoisha dukani. Bwana mmoja wa kampuni akachukua rula, akailaza juu ya ramani akiifuata reli, akapiga mstari. Waliokuwa upande wa kituo wakabaki Tatu. Waliokuwa upande wa pili, penye viwanda vya mbao, karakana na nyumba za kupanga, wakapewa sifuri tisa. Kampuni ilisema hizo ni tarakimu tu. Ni kweli, na kisu nacho ni chuma tu.

Mwaka wa kwanza hapakuwa na neno. Mwaka wa pili matangazo ya kazi yakaanza kuandika, "Mwombaji awe na simu ya Tatu." Mwaka wa tatu wazazi wenye vijana wa kuoa wakawa wanauliza namba ya mbele kabla ya kuuliza ukoo. Wenye maduka upande wa Tisa walichora sifuri tatu kubwa juu ya milango yao, na wengine humo ndani hawakuwa na simu hata ya kuchezea. Mume wa mshonaji, mtu mpole wa maneno matamu, alipata mwanamke wa Tatu akahamia huko, na alipoulizwa sababu alisema laini za kule hazikwaruzi. Hata njiwa, na hakuna ajuaye nani aliwapasha, walitua kwenye nyaya za Tatu peke yake.

Yote hayo watu waliyameza. Lililowakaba ni gari la wagonjwa. Tatu walikuwa na magari manne, na aliyepiga alipata moja kwa dakika tisa. Tisa walipewa namba yao ya dharura, lakini gari lao lilikuwa bado linanunuliwa, na lilikuwa likinunuliwa mwaka wa kumi na moja sasa. Ukipiga, ulisikia filimbi, kisha sauti ya mwanamke iliyorekodiwa: "Subira huvuta heri. Tafadhali usikate simu. Ukikata utarudi mwisho wa foleni. Mgonjwa asiondoke karibu na simu." Watu wakamjibu mwanamke yule kila mtu kwa wakati wake, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kisha wakangoja.

Jirani wa mlango wa pili, Fundi Saa, alikuwa akingoja mwaka wa saba. Mkewe aliteleza bafuni, naye akapiga. Wiki ya pili ya kungoja mke akafariki. Lakini sauti ilikuwa imesema mgonjwa asiondoke karibu na simu, na yule mama tangu usichana wake alikuwa mtu wa kufuata maagizo, kwa hiyo kila alasiri alitoka makaburini akaja kukaa kando ya simu, mikono mapajani, chini ya saa thelathini za wateja ambazo hazikukubaliana hata mbili. Mkono wa simu waliulaza juu ya kimto cha mahameli. Fundi Saa aliufuta vumbi kila Ijumaa. Hakukata, maana alikuwa wa tatu kwenye foleni, na mtu hatupi nafasi kama hiyo.

Mama Bodi alipostaafu, miaka mitatu nyuma, kampuni ilimpa saa ya ukutani, ambayo Fundi Saa aliifungua akaifunga palepale, na barua. Barua ilisema kwamba ingawa anaishi upande wa Tisa, kwa kuutambua utumishi wake uliotukuka anapewa namba ya Tatu kwa muda wa uhai wake. Waya mmoja ukavutwa kutoka ng'ambo, ukapita juu ya reli, ukaingia dirishani kwake. Njiwa walihamia siku ileile.

Tangu hapo mtaa ukawa na mlango. Shule za ng'ambo zikaanza kumpa mshonaji kazi za sare. Mgonjwa wa nyumba yoyote alibebwa mpaka kibarazani kwao, Mama Bodi akapiga, gari likavuka reli likamchukua. Dereva alijua fika kwamba nyumba moja haiwezi kutoa wazazi kumi na wanne kwa mwaka mmoja, lakini alifumba macho, na alipewa maji ya kunywa. Hata binti wa mshonaji, mtoto wa miaka saba aliyeitwa Kipenga kwa sababu kifua chake kilipiga mluzi kila vumbi la mbao lilipopanda, alichukuliwa mara mbili, na mara zote mbili alirudi anapumua na ana pipi shavuni.

Hilo ndilo lililomtoa Mama Bodi kaburini. Kampuni ilikuwa na desturi ya kupiga alasiri yoyote kuhakiki kama mwenye namba yupo, na yeye hakutaka simu ilie mpaka ichoke.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi, mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni na koti lililomzidi mabega.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

"Ofisi imepata taarifa kwamba umefariki."

"Jumanne. Presha."

"Pole sana."

"Tumeshapoa."

Mkaguzi akafungua faili. "Shida yetu ni hapa palipoandikwa kwa muda wa uhai wake."

"Na uhai ofisi inautambuaje?" akauliza Mama Bodi, ambaye fomu za kampuni alizijua kuliko aliyeziandika.

Mkaguzi akapekua kurasa, akasoma kwa sauti: "Mwenye namba apokee simu kabla ya mlio wa tano." Akatoka nje, akapachika simu yake ya majaribio kwenye nguzo, akapiga. Marehemu alipokea mlio wa pili. "Namba yako, tafadhali," alisema, kwa sauti ileile iliyouamsha na kuulaza mji kwa miaka thelathini na minne. Mkaguzi akaishusha simu sikioni, akafungua faili. Kisha akaandika: Anapokea.

Mtaa ukashangilia. Mshonaji akamchinjia mkaguzi kuku. Wangejua, wangempa maji tu.

Maana baada ya wiki tatu ilikuja barua nyingine. Kampuni ilieleza kwamba dawati la dharura la Tisa halijawahi kuwa na opereta wa kweli, kwamba wateja wamechoshwa na sauti ya kurekodiwa, na kwamba, kwa kuwa Mama Bodi bado anapokea, anaombwa kurudi kazini. Zamu ingeanza saa kumi alasiri. Kuhusu mwisho wa zamu hakukuandikwa kitu, kwa kuwa marehemu halali, na kuhusu mshahara vilevile, kwa kuwa hali chakula.

Mama Bodi aliisoma barua mara mbili, akainuka, akatafuta pasi. Binti yake hakuwa amemwona na furaha namna ile tangu alipostaafu. Alipiga pasi blauzi yake ya kazini huku akiimba chini chini.

"Nenda, Mama," mshonaji akasema. "Tutakuwa na mtu wetu mle ndani."

Ndivyo na mtaa ulivyosema. Sasa tuna mtu wetu. Wote waliijua dunia: pasipo mtu wako ofisini, faili lako huwa chakula cha panya. Ni Fundi Saa pekee aliyekaa kimya, maana aliukumbuka moto wa ghala la mbao. Ghala lilipoungua, mume wa Mama Bodi alikuwa ndani, akapiga kuomba msaada, na mbele yake kulikuwa na simu sita. Mama Bodi alizishughulikia zote sita kwa zamu, ndipo akafika kwa mumewe. Mume alitoka hai, sikio moja limekunjamana, na mpaka kufa kwake alikisimulia kisa hicho kwa fahari kwenye kila harusi. "Opereta hana ndugu kwenye laini," alikuwa akisema, watu wakipiga makofi. Mshonaji alikua akiusikia msemo huo, akaupenda, kama watoto wanavyopenda vitu vya wazazi wao bila kuvigeuza upande wa pili.

Siku Mama Bodi alipoanza kazi, saa kumi na dakika tano, fundi wa laini alipanda nguzo akaukata waya uliopita juu ya reli. Mshonaji akatoka mbio na futi ya kupimia shingoni.

"Kaka, unafanya nini?"

"Namba inamfuata mwenyewe, dada. Mwenyewe si yuko kituoni sasa?" Akamwonyesha fomu. Ilikuwa sahihi, mhuri na kila kitu. Akamfungia sifuri tisa, akakusanya vifaa vyake, na kazi yote ilimchukua dakika kumi na moja. Kabla hajateremka njiwa walikuwa wameshaondoka.

Mwalimu mkuu hakupiga tena. Hata hivyo mtaa ulijipa moyo. Sasa ukipiga dharura ulipokelewa na binadamu, au tuseme na mtu, aliyekuuliza hali, akakupa pole, akakutajia nafasi yako. Kampuni ilipokea barua nyingi za shukrani. Gari lilikuwa linanunuliwa.

Mwezi wa pili, upepo uligeuka ukaleta vumbi lote la viwandani. Kipenga alirudi shuleni akiwa amekaa mabegani mwa mwalimu wake, na mluzi wa kifua chake ulimtangulia uani. Mshonaji akamlaza kwenye kiti cha bibi yake, akapiga.

"Dharura, Tisa. Nani mwenzangu?"

"Mama, ni mimi. Kipenga kifua kimembana."

Ilisikika penseli ikitembea juu ya karatasi.

"Mgonjwa ana umri gani?"

"Mama, si wewe uliyemwogesha siku aliyozaliwa?"

"Miaka saba," Mama Bodi akajijibu, akaandika. "Uko wa mia nne na kumi na tatu."

"Mama!"

"Nakusikia, mwanangu. Mkalishe, asilale. Mfungue vifungo vya shingoni. Na usikate simu, ukikata unarudi mwisho."

"Nisogeze mbele."

"Mbele yako kuna watu mia nne na kumi na wawili, na kila mmoja ana mama yake."

"Basi niunganishe na Tatu. Chomeka waya tu, Mama, kama ulivyokuwa unafanya."

"Bodi hii haina tundu la Tatu," akasema Mama Bodi. Sauti yake haikutetereka, lakini ilikuwa imeshuka. "Niliulizia siku ya kwanza."

Mshonaji alimchukia mama yake. Alimchukia kwa dakika nzima kwa saa ya ukutani, kisha chuki ikamwishia, akabaki anangoja. Angeweza kumbeba mtoto wakati ule ule. Hospitali ya Tatu ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini ni mama yake aliyekuwa kwenye bodi, na mtu mwenye mama yake kwenye bodi haanzi kuhangaika barabarani kama yatima. Mama angefanya kitu. Angeona mwenyewe, angesogeza karatasi moja, nani angejua? Alingoja hivyo kwa dakika arobaini, mkono wa simu ukimtoa jasho sikioni, na mama yake akimwuliza kila baada ya muda, "Anapumua?" naye akijibu, "Anapumua."

Fundi Saa akaingia bila hodi.

"Binti, mbebe mtoto. Reli ile pale."

"Mama yuko kwenye bodi, fundi."

"Na mimi ni wa tatu kwenye foleni," akasema Fundi Saa.

Hapo mshonaji akaelewa. Akauweka mkono wa simu mezani, akamfunga mtoto mgongoni kwa shuka, akatoka mbio. Alipofika kwenye kivuko cha reli, kizuizi kilikuwa kimeshashushwa na treni ya mizigo ilikuwa inapita, ndefu, imejaa mbao, haina haraka ya kwenda popote. Kati ya behewa na behewa aliliona gari la wagonjwa la Tatu limeegeshwa ng'ambo, dereva ameketi ngazini anakula karanga. Alimwita. Treni ilikuwa na sauti kubwa kuliko yake. Akaanza kuhesabu mabehewa kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya, na mgongoni mluzi ulikuwa ukimjibu, behewa kwa behewa. Kwenye behewa la thelathini na nane mluzi ulinyamaza. Mabehewa yalikuwa sitini na mawili.

Kizuizi kilipoinuka dereva alimtambua, akaja akimkimbilia, karanga zikimwanguka. Alikuwa mtu mwema na alilia kweli.

"Dada, si mngepiga simu?" akasema.

Walimzika Kipenga kesho yake. Jioni ya maziko mshonaji aliukuta mkono wa simu palepale mezani alipouacha. Akaunyanyua.

"Mama, amefariki."

"Najua, mwanangu. Nimeandika." Penseli haikusikika. "Nilikuwa nasikia nyumba ilivyo kimya."

Mshonaji akasikia mama yake akilia, akamwacha alie, na yeye akalia upande wa kwake, na waya wa Tisa ukawabeba wote wawili kwa mikwaruzo yake. Walilia kwa muda mrefu.

"Nikate?" mshonaji akauliza mwishowe.

"Ukikata utarudi mwisho," akasema Mama Bodi.

Siku ya tatu baada ya maziko, saa kumi kasoro robo alasiri, mshonaji alikuwa akishona kimto. Kitambaa cha mahameli alikuwa amepewa na Fundi Saa, kilichobaki kwenye kile chake. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kipenga akaingia, akavua viatu, akavipanga ukutani, akapanda kwenye kiti cha bibi yake. Miguu haikufika chini. Akauchukua mkono wa simu kwa mikono miwili, akasikiliza, na kifua chake kilikuwa kimetulia kabisa.

"Bibi anasema kuna mtu amekata," akasema. "Tumesogea. Tuko wa mia nne na kumi na mbili."

Mshonaji akakata uzi kwa meno, akaupima mto mezani kama unakaa sawa.

"Vizuri, mama," akasema. "Usiondoke hapo."